Umri haukatazi mbio, hukataza pupa

UKITOKA mjini Eldoret alfajiri na kuelekea Ainabkoi, utawakuta njiani watu wa aina mbili. Kuna wanaopeleka maziwa na kuna wanaokimbia. Wanaopeleka maziwa ni wa kila umri, wengine kwa pikipiki, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Lakini wanaokimbia karibu wote ni vijana. Wanapita kwa makundi, pumzi zao zikitoka kama moshi kwa ajili ya baridi, na punde si punde wamekwisha kupotelea katika ukungu. Ukimuuliza mmoja wao anafanya nini, atakujibu bila kusita kwamba yuko kazini.

Naam, kazini. Katika sehemu hii ya Uasin Gishu mbio ni kazi kama ualimu au ukulima wa ngano. Kijana hukimbia akitafuta nafasi ya kwenda ng'ambo ili ashinde, anunue shamba na kuwajengea wazazi wake nyumba. Na kazi hiyo ina wakati wake wa kustaafu. Miguu ikianza kugoma, mkimbiaji hutundika viatu, akarejea kwa ng'ombe na mahindi yake, na wengi hawakimbii tena. Ndiyo sababu mwanamume wa miaka hamsini na mitano akionekana akikimbia peke yake huko mashambani, jirani anaweza kumuuliza kwa wasiwasi kama kuna ng'ombe aliyepotea.

Msomaji, huenda wewe si mkazi wa Ainabkoi. Huenda uko Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu. Asubuhi unapanda matatu kwenda kazini, unakaa kitini mchana kutwa, na jioni unarudi kukaa tena mbele ya televisheni. Huenda umevuka miaka arobaini na mitano, kitambi kimeanza kujitokeza, na ngazi za ghorofa ya tatu zinakutoa jasho. Na huenda nawe unaamini kwamba mbio ni za vijana wanaotafuta medali.

Sivyo. Mtu mzima anaweza kupata katika mbio za masafa marefu raha ambayo kijana anayekimbilia riziki mara nyingi hana nafasi ya kuionja. Lakini kuna sharti moja: lazima aache pupa.

Yanayobadilika mwilini

Tusidanganyane. Umri unaposonga, mwili hubadilika hata kwa mtu aliyekuwa bingwa. Jambo la kwanza ni moyo. Idadi ya juu kabisa ya mapigo ambayo moyo unaweza kufikia kwa dakika moja hupungua kadiri miaka inavyopita. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuchukua 220 na kutoa umri wako. Kwa hesabu hiyo, moyo wa kijana wa miaka 20 unaweza kufikia mapigo 200, na wa mtu wa miaka 60 mapigo 160. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwani watu hutofautiana, lakini inaonyesha ni kwa nini mzee hawezi kushindana kwa kasi na mjukuu wake.

Jambo la pili ni uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo huu hushuka kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi baada ya kufika umri wa miaka 30. Jambo la tatu ni misuli na kano. Misuli hupungua, na kano, hasa ile nene ya kisigino, hupona polepole zaidi ikijeruhiwa. Kwa akina mama, mifupa hupoteza uimara kwa haraka zaidi baada ya hedhi kukoma.

Hata hivyo, kuna habari njema. Kwa mtu anayeendelea na mazoezi, uwezo wa kutumia oksijeni hushuka kwa mwendo wa taratibu, wakati mwingine kwa nusu tu ya kiwango tulichotaja. Misuli ikifanyishwa kazi hujengeka hata katika uzee. Nayo mifupa hunufaika kila mguu unapogusa ardhi.

Mwaka wa 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kuwafuatilia wakimbiaji 538 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, pamoja na watu wengine wa umri kama wao ambao hawakuwa wakimbiaji. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Baada ya miaka 19, asilimia 34 ya wasiokimbia walikuwa wamefariki dunia, ilhali kwa wakimbiaji walikuwa asilimia 15. Isitoshe, ile hali ya kushindwa kufanya mambo madogo ya kila siku, kama vile kuvaa, kuinuka kitini au kutembea, iliwachelewa wakimbiaji kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba anayechagua kukimbia huenda tangu mwanzo ni mwenye afya nzuri zaidi, na wataalamu hao walijaribu kulizingatia hilo katika hesabu zao. Lakini hata ukiondoa hilo, tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Na magoti je? Hii ndiyo hofu inayotajwa zaidi. Wataalamu wa chuo hicho hicho walipiga picha za eksirei za magoti ya baadhi ya wakimbiaji kwa karibu miaka 20 na hawakuona kwamba walikuwa wameharibika magoti kuliko wenzao wasiokimbia. Kinacholiumiza sana goti ni uzito mwingi wa mwili, na huo unaweza kupunguzwa. Lakini ikiwa goti lako tayari linavimba au lina jeraha la zamani, mwone daktari kwanza.

Mbio haziwekwi benki

Kuna jambo ambalo watu waliokimbia ujanani hulisahau. Faida ya mbio haiwekwi akiba. Mtu aliyekuwa akikimbia shuleni au jeshini, kisha akaacha kwa miaka ishirini, hana tofauti kubwa leo na jirani yake ambaye hakuwahi kukimbia. Uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka majuma machache tu baada ya kuacha mazoezi. Mkimbiaji anayestaafu ghafla na kuendelea kujaza sahani kama alivyofanya alipokuwa akikimbia mamia ya kilomita kwa mwezi, hunenepa haraka, na presha na ugonjwa wa sukari havimwogopi kwa sababu ya medali zilizo ukutani.

Na presha si jambo la mbali. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Waliovuka na bado wamo

Si mbali na Ainabkoi kuna Kaptagat, eneo la msitu na mashamba mpakani mwa Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Huko ndiko Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi kwa miaka mingi chini ya mkufunzi Patrick Sang. Kipchoge aliushangaza ulimwengu mara ya kwanza mwaka wa 2003, alipokuwa na miaka 18, kwa kushinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris. Miaka 19 baadaye, Septemba 2022, alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Alikuwa na miaka 37, umri ambao wengi zamani waliuhesabu kuwa wa kustaafu.

Edna Kiplagat, mama na afisa wa polisi, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka wa 2011 na tena mwaka wa 2013. Mwaka wa 2021, akiwa na miaka 41, alimaliza wa pili mjini Boston, na baadaye akatangazwa mshindi baada ya aliyemtangulia kupatikana na hatia ya kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Mwaka wa 2024 alirudi Boston na kuwa wa tatu akiwa na miaka 44.

Yupo pia Kenneth Mungara, ambaye alikuwa kinyozi kabla ya kugeuka mkimbiaji, tena akiwa mtu mzima. Alishinda marathoni ya Toronto mara nne mfululizo, kuanzia 2008 hadi 2011. Mwaka wa 2015 alishinda Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42, akiwa na miaka 41.

Utasema, hao ni mabingwa, mimi je? Basi msikilize Fauja Singh, mkulima wa Punjab, India, aliyehamia Uingereza uzeeni. Kwa mujibu wa pasipoti yake alizaliwa mwaka wa 1911, ingawa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alishika mbio kwa dhati baada ya kufiwa na mwanawe, akitafuta cha kumwondolea huzuni. Alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini London mwaka wa 2000, na mwaka wa 2011 akamaliza ile ya Toronto. Hakuwa akimkimbiza mtu yeyote. Alikuwa akitafuta utulivu wa moyo, akaupata.

Siri ya Kaptagat

Mgeni anayefika Kaptagat akitarajia kuona kasi ya ajabu kila siku hushangaa. Katika juma moja, Kipchoge na wenzake wamezoea kuwa na siku tatu za kazi ngumu: siku ya uwanjani, siku ya safari ndefu ya kilomita 30 au 40, na siku ya kubadilisha mwendo barabarani. Siku zilizobaki hukimbia mbio nyepesi. Huanza taratibu sana, kundi zima likiburuta miguu kama watu waliotoka usingizini, wakipiga soga, hadi mwili wenyewe upate joto. Kipchoge mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hajimalizi katika mazoezi.

Sasa mtazame mtu wa mjini aliyeamua kuanza mbio. Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 52. Ananunua raba mpya Jumamosi. Jumapili asubuhi anatoka mbio kama aliyefukuzwa na mbwa, kwa sababu ndivyo alivyokimbia akiwa kidato cha nne. Baada ya dakika tano anatweta, kifua kinawaka, na watoto wa mtaa wanacheka. Jumatatu hawezi kushuka ngazi. Jumanne raba zinawekwa chini ya kitanda. Kisha anawaambia wenzake kwamba mbio si za watu wazima.

Mwalimu huyo hakushindwa na umri, alishindwa na pupa. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ikiwa bingwa wa Olimpiki anatumia siku nyingi za juma akikimbia polepole, wewe una haraka ya kwenda wapi?

Kipimo cha mwendo unaokufaa hakihitaji saa ya bei ghali. Unapokimbia, jaribu kuzungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Ukitoa neno moja moja, punguza. Ukiwa peke yako, sema kwa sauti majina ya watoto wako au ya vituo vya matatu. Watakaokuona watadhani umerukwa na akili, lakini moyo wako utakushukuru.

Anza hivi

Majuma matatu ya kwanza usikimbie kabisa. Tembea kwa haraka dakika 30, mara nne kwa juma. Baada ya hapo, kimbia polepole dakika moja, kisha tembea dakika mbili, na urudie hivyo mara kumi. Hiyo ni nusu saa. Ukiona unamaliza bila kuchoka sana, kimbia dakika mbili na utembee moja. Endelea hivyo, ukiongeza kidogo kila juma, hadi uweze kukimbia nusu saa bila kusimama. Wengine huchukua miezi mitatu, wengine sita. Hakuna anayehesabu.

Pumzika siku moja baada ya kila siku ya mbio. Kijana hukimbia leo na kesho, lakini kano zako zinahitaji muda wa kujirekebisha. Usiongeze umbali kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa juma. Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja yanayozidi kila unapokimbia ni onyo, nayo hayapaswi kufunikwa kwa vidonge.

Siku mbili kwa juma fanya mazoezi ya nguvu nyumbani. Kaa kitini na kuinuka mara kumi bila kujishika. Simama kwenye ngazi, inua visigino na uvishushe polepole. Simama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki, karibu na ukuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa juma, au makali ya dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Waliofika miaka 65 wanashauriwa pia kufanya mazoezi ya kuimarisha usawa wa mwili siku tatu au zaidi, ili wasianguke.

Kimbilia penye udongo au nyasi ukiweza. Wakazi wa Nairobi wana njia za Msitu wa Karura, na wa Mombasa wana upepo wa bahari wa Mama Ngina. Ukilazimika kutumia barabara, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Na ikiwa utasafiri kwenda Ainabkoi, kumbuka kwamba huko ni zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na Mombasa. Mgeni atembee siku za kwanza, hata kama nyumbani anakimbia.

Kabla ya kufunga kamba za viatu

Ikiwa umevuka miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, pimwa presha na sukari kwanza. Ikiwa una ugonjwa wa moyo, presha, kisukari au pumu, au jamaa yako wa karibu alifariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, zungumza na daktari kabla ya kuanza. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, kwa hivyo ile hesabu ya 220 haitakufaa. Wanaotumia insulini wabebe kitu chenye sukari, kwani mbio huweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi.

Kunywa maji hata kama huhisi kiu, bila kupita kiasi, kwa maana hisia ya kiu hupungua uzeeni. Na uyajue maonyo: maumivu au mkazo kifuani unaopanda hadi shingoni, tayani au mkononi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ovyo, au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida. Ukiona mojawapo, simama na utafute matibabu mara moja.

Haya hayasemwi ili kukutisha. Wataalamu waliochunguza mbio za marathoni na nusu marathoni nchini Marekani, kuanzia 2000 hadi 2010, walihesabu karibu washiriki milioni 11. Waliosimama moyo wakati wa mbio au muda mfupi baadaye walikuwa 59. Anayejiandaa taratibu ana sababu ndogo sana ya kuogopa.

Raha yenyewe iko wapi?

Raha ya kwanza ni kutojali saa. Kijana wa Kaptagat akichelewa sekunde tano katika mazoezi anaweza kukosa usingizi, maana sekunde hizo ni karo ya wadogo zake. Wewe ukichelewa dakika tano, chai itakungoja. Huna deni kwa mtu.

Raha ya pili ni kushindana na mtu unayemweza, yaani wewe mwenyewe wa mwezi uliopita. Mti ambao Machi ulikuwa ukisimama chini yake kuhema, Juni unaupita ukizungumza. Hata michezo rasmi imelitambua jambo hili: katika riadha ya wakongwe duniani, washiriki huanza kuhesabiwa wakiwa na miaka 35 na hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano. Mtu akifika 60 anafurahi, kwani anakuwa kijana wa kundi jipya.

Raha ya tatu ni wenzako. Mabingwa wa Kaptagat hawakimbii peke yao, nawe usikimbie peke yako. Tafuta jirani, mume, mke, shemeji au mwenzako wa kanisani au msikitini. Siku ambayo baridi inakubembeleza ubaki kitandani, utaamka kwa sababu kuna mtu anakungoja langoni. Yanayozungumzwa njiani, kuhusu watoto, madeni na waliotutangulia, mara nyingi hayazungumziki kwingine. Wengi watakuambia kwamba usingizi wao umekuwa mzito na hasira zimepungua.

Ukishaweza nusu saa, jiandikishe katika mbio zenye masafa mafupi. Marathoni ya Nairobi, iliyoanza mwaka wa 2003, huwa na mbio za kilomita chache kwa watu wa kawaida. Utawakuta huko akina nyanya na wajukuu wao, wafanyakazi wa benki na walimu waliostaafu, wakitembea, wakikimbia na kucheka.

Na wewe uliyekimbia zamani, ukatundika viatu kwa kudhani kwamba heshima yako iko katika kasi uliyokuwa nayo, vitundue. Hakuna anayekudai rekodi. Toka kesho asubuhi, tembea hadi mwisho wa mtaa, kimbia dakika moja, tembea mbili. Jirani akikuuliza kama kuna ng'ombe aliyepotea, mwambie hapana, kisha umkaribishe mwende pamoja.